Triza Anakula Nini Saa Saba

Baba Dogo, Nairobi
11 Februari 1996

Kwa mpwa wangu Mwalimu Vivian,

Kabla hujaendelea kusoma, tafuta kiti ukae, maana barua hii inatoka kwa mtu ambaye bila yeye kiwanda kizima cha sabuni hapa Baba Dogo hakiwezi kuwasha hata mtambo mmoja asubuhi. Sikudanganyi. Mkurugenzi mwenyewe husimama nje na gari lake, injini inanguruma, akiningoja mimi Wabwire. Mwaka juzi nilipougua homa, nusura Nairobi nzima ikose sabuni. Watu walianza kunusana.

Hujambo lakini? Na watoto unaowafundisha huko Nambale, wanakuogopa ama bado? Mwambie dada yangu, yaani mama yako, apake miguu yale mafuta niliyomtumia. Ni mafuta ya wachezaji mpira wa Ulaya, hayapatikani dukani. Anti yenu, mke wangu, naye mwambie asiuze mahindi yote, nitakuja kuyala.

Sasa habari za mdogo wako Triza. Tangu mlipomleta kwangu Januari amalizie darasa la nane huku mjini, mtaa umetulia. Mwalimu mkuu, Bi. Nthoki, aliponiona tu langoni alijua shule imepata mzazi. Juzi kulikuwa na mkutano. Kuna kanisa limeleta magunia ya mahindi na maharagwe, watoto wawe wanapikiwa githeri shuleni mchana. Bi. Nthoki akasema mzazi anayetaka mtoto wake ale aandikishe jina, na kila mmoja atapewa siku yake ya kuja jikoni kumsaidia mpishi. Kina mama wakakimbilia mbele kama wanaokimbia mvua ya mawe. Mimi nikainuka pole pole, nikafunga kifungo cha koti. Nikasema, "Mwalimu, wa kwangu msimwandike. Hicho chakula wapeni wenye shida. Kwangu mtoto anakula wali."

Vivian, walipiga makofi mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Tena huyu mtoto ana utu wa ajabu. Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa Fowsiya, mama wa Kisomali anayeuza nguo, na binti yake Idil yuko darasa moja na Triza. Sasa ni Ramadhani, na Triza ameamua kufunga pamoja na rafiki yake. Mchana hagusi kitu. Jioni anafuturu kwao, anarudi na tende mkononi. Nilimwuliza, wewe Mkatoliki, unafunga ya nini? Akasema, "Nampa Idil kampani, Anko." Moyo gani huo! Nimewasimulia wote kazini, wengine walitoa machozi.

Ni mimi mjomba wako,
Phares Wabwire


Nambale, Busia
10 Machi 1996

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, mvua imeanza kunyesha na Mama anapanda. Barua yako nimemsomea mara mbili, maana mara ya kwanza alicheka hata asisikie mwisho wake. Anauliza kama bado ni wewe unayekaa na funguo za lango pale kiwandani. Mimi sijasema kitu, nafikisha tu swali lake.

Anti hajambo na mahindi hajauza yote. Amesema ukitaka kuyala uje wewe mwenyewe, asitumiwe salamu tu.

Triza naye aliniandikia ukurasa mmoja. Kwa kawaida huandika mpaka pembeni mwa karatasi. Anasema Ramadhani imekwisha lakini sasa anafunga Kwaresima. Mjomba, Triza ninayemjua mimi alikuwa akiiba nyama chunguni siku ya Ijumaa Kuu, na Mama akimkamata anasema alikuwa anaonja chumvi. Mjini amekuwa mtawa?

Nimefurahi kuwa mko vizuri. Ila nakuuliza kwa adabu, kwa sababu hukuandika: Triza anakula nini saa saba? Wewe mchana uko kazini. Huo wali anaupika nani?

Mpwa wako,
Vivian


Baba Dogo, Nairobi
21 Aprili 1996

Mwalimu wangu Vivian,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya majukumu. Kiwandani wameniomba nifanye kazi siku tatu tu kwa juma, ili mitambo ipate kupumzika. Wanasema kasi yangu inaichosha. Nilikataa, wakanibembeleza, nikakubali kwa shingo upande.

Pasaka ilikwenda salama. Padri aliniomba nibebe msalaba lakini nikawaachia vijana, na wao wajifunze. Mwambie mama yako nimeota anachuma kunde, kwa hivyo aziangalie kunde zake.

Najua ulitaka kuuliza kuhusu masomo. Ripoti ya muhula wa kwanza nimekunja humu ndani ujionee. Triza amekuwa wa kumi na tisa. Usishtuke. Hii ni kumi na tisa ya Nairobi, ambayo huko kwenu ni kama ya pili. Tena kuna sababu. Hapa nyuma kuna kinu cha kusaga unga kinachonguruma kutwa, na taa ya mtaa ilipasuka, na mwalimu wa Sayansi anaongea kwa puani. Mimi mwenyewe ningekuwa darasani humo ningesinzia. Na unajua akili yangu ilivyokuwa. Nilipofika darasa la tano walimu waliniita ofisini wakaniambia, Wabwire, wewe umetosha, nenda nyumbani usije ukatuzidi.

Siku hizi Triza amekuwa kimya. Zamani nilikuwa nikisimulia ile hadithi yangu ya panya aliyekula mche mzima wa sabuni akawa anatoa mapovu, anacheka mpaka anakaa chini. Juzi nilimsimulia, akatabasamu tu. Nadhani ni ukubwa unaingia.

Kuhusu swali lako la saa saba, nimelisoma. Ni swali zuri.

Wako katika ujomba,
Wabwire


Nambale, Busia
12 Mei 1996

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, kunde zake ziko salama.

Ripoti nimeisoma nikiwa nimeketi, kama unavyopenda nisome barua zako. Nimeiangalia kama mwalimu, si kama dada. Hisabati na Kiingereza Triza amepita vizuri kabisa, karibu awe wa kwanza. Sayansi, Jiografia na Sanaa ameanguka vibaya. Nikashangaa, maana Sayansi ndiyo anayoipenda kuliko yote. Nikamwandikia aniambie mtihani ulipangwaje. Hisabati na Kiingereza walifanya asubuhi. Yale mengine yote walifanya baada ya chakula cha mchana.

Si mwalimu anayeongea kwa puani, Mjomba. Ni tumbo.

Watoto wa hivyo hata mimi ninao hapa. Asubuhi darasa langu lote ni hodari, mikono juu, "Mimi, mwalimu! Mimi!" Ikifika saa nane, nawajua kwa macho wale waliokuja na viazi vitamu na wale waliokwenda kisimani wakarudi. Swali lile lile alilolijibu asubuhi, saa nane ananitazama kama namwongelesha Kifaransa. Sijui nitawafanyia nini wote. Lakini huyu mmoja ni wa Mama.

Mama ameniambia nikuandikie hivi: kama hutajibu lile swali, anapanda basi kuja kumchukua Triza, mtihani wa taifa aufanyie huku. Hajakasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Ametulia tu.

Tafadhali.

Vivian


Baba Dogo, Nairobi
30 Juni 1996

Mpendwa mpwa wangu,

Mwambie dada yangu asipande basi. Barabara ni mbaya na miguu yake sio ya safari. Tena asipande kabla hujamsomea yote haya.

Barua yako ilipofika niliiweka chini ya redio. Nikasema mimi Wabwire siulizwi maswali na mtoto niliyembeba mgongoni. Ikakaa hapo. Kila nikiwasha redio naiona.

Siku moja Jumamosi nilikuwa mlangoni nawasimulia vijana habari za utu wa Triza, jinsi anavyofunga. Fowsiya alikuwa anaanika nguo. Akaweka beseni chini, akaniita.

"Wabwire, njoo hapa. Ramadhani alifunga na sisi, nikaelewa. Nikasema mtoto ana mapenzi. Ilipoisha akasema ni Kwaresima, nikaelewa, hata nyinyi mna ya kwenu. Sasa Pasaka imepita. Huyu mtoto anafunga ya nani?"

Nikasema labda ni ya Mtakatifu fulani.

"Mtakatifu Wabwire," akasema. "Idil anamgawia githeri yake nyuma ya darasa, sahani moja kijiko kimoja. Triza anakula vijiko viwili anasema ameshiba. Wewe ukitaka kula sifa, kula. Mtoto unamlishaje sifa?"

Vivian, mimi nina jibu la kila mtu. Nimewahi kumjibu askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, akaniomba msamaha. Siku hiyo nilitazama kamba ya nguo.

Jioni nikamwuliza Triza. Nilikuwa nikimwachia kiporo cha ugali kwenye sufuria, na kuna siku kiporo hakikuwepo. Hilo tuliache hapo hapo. Nikamwambia, kwa nini hukusema? Alikuwa akifuta soli za viatu vyake. Hakuinua kichwa. "Anko, ulishasema mbele ya watu kwetu kuna wali. Sasa mimi ningesema nini?"

Sikulala vizuri, lakini usimwambie mtu.

Jumatatu nikavaa koti nikaenda shuleni. Bi. Nthoki aliniona tangu mbali. "Mzee wa Wali! Karibu." Vivian, kumbe shule nzima, walimu, kina mama, mpaka mlinzi, hilo ndilo jina langu. Nikamwambia nimekuja kuangalia kama chakula cha shule kinafaa kwa afya, maana nina uzoefu. Akasema kinafaa. Nikasema basi kwa heshima yangu nitamruhusu Triza akionje. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, sufuria ni moja na watoto ni wengi. Nafasi ya Triza ilichukuliwa na mwingine siku ile ile ulipopigiwa makofi. Namrudisha, ila kina mama wamelalamika sana, mikono ya kukoroga haitoshi. Uchukue siku yako jikoni kama wao. Si kusimamia. Kukoroga."

Nikamwambia kwetu mwanaume haingii jikoni, hata moto ukiwaka anaita watu kutoka nje. Akasema anaelewa mila, akanifungulia mlango nitoke.

Nilifika mpaka langoni. Ilikuwa saa saba kasoro. Kengele ikalia, watoto wakamiminika na sahani zao. Triza akatoka darasani peke yake, akapita kando ya foleni bila kuitazama, akija langoni kama mtu anayeharakisha kwenda kwenye wali. Akaniona. Akasimama. Tukatazamana na mwanangu huyu, kila mmoja akijua mwenzake anaenda nyumbani kwenye sufuria tupu.

Nikavua koti. Nikamshikisha. Nikarudi.

Mpishi ni mama anaitwa Adoyo, mikono yake ni kama ya mpiga makasia. Githeri ilikuwa bado motoni, akanipa mwiko mrefu kuliko mimi. Nikaanza kumweleza jinsi nilivyowahi kupikia jeshi. Akasema, "Omera, ndugu yangu, hapa hatukorogi kwa mdomo." Kina mama walicheka, mmoja akakaa chini kabisa. Nilikoroga. Nikasimulia kidogo, nikasahau kukoroga, ikashika chini. Watoto wakala githeri yenye moshi. Walisema ina ladha ya nyama choma, na wengine waliomba kuongezewa, muulize yeyote.

Triza alikula sahani yote. Nilihesabu kila kijiko, nikijifanya naangalia moto.

Siku yangu ni Jumanne. Nimepewa cheo cha Mkurugenzi wa Kuni na Mwiko.

Basi umejibiwa.

Wabwire


Nambale, Busia
25 Agosti 1996

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo mara nyingi. Mama hakupanda basi. Nilipofika pale ulipovua koti aliniambia nisimame kwanza, akatoka nje akaenda kuangalia kunde ambazo alikuwa ameziangalia asubuhi. Aliporudi akasema, "Rudia hapo pa mwiko." Sasa kila jirani akija lazima nirudie hapo pa mwiko. Anasema hajawahi kusikia mwanaume wa kwenu ameshika mwiko tangu dunia iumbwe, na kwamba baba yenu huko kaburini amegeuka kulalia ubavu mwingine. Anti yeye amesema ukija Desemba jiko unalijua liliko.

Matokeo ya mtihani wa majaribio Triza ameniandikia, safari hii mpaka pembeni mwa karatasi. Wa nne! Sayansi, ambayo waliifanya saa nane unusu, ndiyo aliyoongoza darasa lote. Ameandika, "Dada, sikujua mchana huwa kuna akili." Nimewasomea walimu wenzangu hapa sentensi hiyo. Tumekubaliana wazazi wetu walete kila mmoja kikapu cha viazi vitamu msimu huu, tuanze na madarasa ya juu. Kuna mzee mmoja amesema watoto wake hawana haja, kwake wanakula vizuri. Nimemwita ofisini nikamsimulia habari zako. Sikutaja jina.

Triza pia ananiambia shati lako la kazi siku hizi limekuwa kubwa. Mjomba, umeandika ukurasa mzima juu ya mwiko, na cheo chako, na mikono ya Adoyo. Siku tatu za kazi kwa juma, watu wawili nyumbani. Sasa swali lile lile nakuletea wewe, na Mama ameweka mkono juu ya meza akingoja niliandike:

Wewe unakula nini saa saba?

Nakutumia unga wa muhogo na dagaa wetu wa omena kwa mkono wa jirani yetu Simiyu, anakuja huko kutafuta kibarua. Usiwaambie watu uliletewa na mfalme.

Wako,
Vivian


Baba Dogo, Nairobi
19 Januari 1997

Kwa Mwalimu Vivian, na kwa dada yangu anayesomewa,

Unga ulifika tangu Septemba, omena pia. Simiyu nilimpokea vizuri, na sikutaja mfalme. Nilitaja mkuu wa mkoa tu.

Nimechelewa, najua. Ulikuwa msimu wa mtihani, nchi nzima ilinitegemea. Siku za mtihani wa taifa sikumwacha Adoyo akoroge hata mara moja. Nilisema watoto hawa wakianguka leo isiwe kwa sababu ya jiko. Bi. Nthoki alitoka nje akaona jasho langu, akasema, "Baba Triza, pumzika." Umesikia? Si Mzee wa Wali tena.

Matokeo unayo, na mwenyewe yuko hapo mbele yako na sanduku lake jipya, anangoja kuingia kidato cha kwanza. Wa pili shule nzima! Nimewaambia watu hapa kuwa ni wa pili Nairobi, na kule mtaa wa Mukuru wanaambiana ni wa pili Kenya. Mimi sikuwasahihisha, watu wana haki ya kufurahi. Idil naye amepita vizuri, atakwenda sekondari ya hapa jijini. Fowsiya alichinja mbuzi, na mguu mmoja ulikuja mlango wangu bila neno.

Nyumba imekuwa kimya. Nasimulia ile ya panya na sabuni, nacheka mwenyewe.

Mwambie Triza lile koti alilonishikia siku ile akalimwagia chai, doa halijatoka, na sitaki litoke.

Sasa, lile swali. Mama yako bado ameweka mkono juu ya meza? Auondoe basi, nitajibu. Lakini funga mlango kwanza, na huyo Anti yenu asisikie.

Kazini nilikuwa nawaambia wenzangu saa saba naenda kula na wakubwa. Nilikuwa nazunguka nyuma ya stoo, nakaa juu ya katoni mpaka king'ora kilie. Halafu yakaja mambo ya jikoni. Anayekoroga huonja, hiyo ni sheria ya jiko popote. Jumanne nikawa naonja. Nikaonja vizuri. Kisha nikaona githeri ya Jumatano nayo inahitaji mtu wa kuionja, maana kina mama wa Jumatano hawajui chumvi. Na Alhamisi pia. Siku ambazo kiwandani hakuna kazi, ambazo ni nyingi, Adoyo alinitazama weee, mwisho akanipa sahani ya plastiki, ya kijani. Akaniambia, "Mkurugenzi, foleni inaanzia kule."

Triza alijua. Alikuwa akinipungia mkono kutoka mbele.

Sasa Triza ameondoka, sina mtoto pale. Nilimwambia Bi. Nthoki nitaendelea kukoroga Jumanne zangu. Akasema sahani yangu bado ipo.

Juma lililopita nilipanga foleni. Ni Ramadhani tena, Waislamu wakubwa wanafunga, wadogo bado wanakula. Mbele yangu alikuwa mdogo wake Idil, wa darasa la kwanza, meno ya mbele hana. Akageuka akanitazama kutoka viatuni mpaka kwenye kofia, akaona sahani. Kwa dakika moja nilitaka kumwambia nimebeba ya mtu.

Akaniuliza, "Mzee, wewe uko darasa gani?"

Nikamwambia la tano.

Akasogea, nikapita mbele yake, maana pale wakubwa huanza.

Mjomba wako,
Phares Wabwire